Milango Ilikuwa Bado Imefungwa

Komeo la mlango wetu wa mbele ni la chuma, la kusukuma kulia, na usiku hulia kama panya aliyebanwa. Sauti hiyo naijua kuliko mlio wa simu yangu. Kuanzia Januari hadi Aprili 2025 niliisikia kila usiku mara tatu, mara nne, siku mbaya mara saba, na aliyekuwa akilisukuma komeo ni mimi mwenyewe. Nafunga, napanda kitandani, nafumba macho. Kitu kinaniuliza: una hakika umefunga? Nashuka, natembea pekupeku kwenye sakafu ya baridi, nalishika kwa mkono. Limefunga. Narudi. Godoro halijapata joto, swali lile lile.

Mara ya kwanza mume wangu aliamka na panga, akidhani tumevamiwa. Mara ya pili akauliza tu, "Mama watoto, kulikoni?" Kufikia Februari hakuuliza tena. Aligeukia ukutani na kuniachia upande wangu wa shuka.

Wezi sikuwa nawaogopa. Mtaani kwetu Nkuhungu, hapa Dodoma mjini, mbwa wa jirani wanatosha. Nilichokuwa nakizuia kisiingie hakina haja ya mlango.

Baba alifariki Januari ile. Alikuwa na miaka 71, mzee wa kanisa, mkulima wa uwele na karanga, mtu wa wilaya ya Chamwino tangu kuzaliwa. Asubuhi hiyo alinawa, akakaa kwenye kigoda chake chini ya mwarobaini, akaomba chai. Mama alipoleta kikombe, Baba alitaka kukipokea na mkono wa kulia ukakataa kunyooka. Akajaribu kusema, mdomo ukaenda upande. Kwenye zahanati walikomkimbizia kipimo cha presha hakikuwa na betri. Muuguzi, Mungu ambariki, alitoka mbio kwenda dukani akanunua kwa hela yake. Kisha gari la kukodi hadi mjini, kitanda cha wodini, usiku mmoja, usiku wa pili. Nilikaa naye hadi jioni nikiwa nimeshika kiganja chake cha kushoto, chenye kovu refu kutoka kwenye dole gumba hadi kwenye kifundo. Saa kumi alfajiri nikapigiwa simu.

Tulimzika kijijini. Ndugu wa Dar es Salaam walikuja na treni ya umeme. Siku hizi safari ni ya saa tatu na nusu hivi, kwa hiyo hata wale waliozoea kusingizia umbali walifika. Mchungaji akachota udongo, akasema maneno tunayoyajua wote: udongo kwa udongo, majivu kwa majivu, mavumbi kwa mavumbi. Kwaya ikaimba. Mimi ni wa sauti ya pili tangu nikiwa msichana wa miaka 15, na niliimba. Kila neno la ufufuo lilitoka mdomoni mwangu mahali pake, bila kukosea hata pumzi. Halafu vijana wakaanza kufukia. Januari udongo wa kwetu umelowa, mwekundu, mzito, unashikamana mabonge. Bonge la kwanza lilipogonga jeneza nilisikia mlango ukifungwa. Nikajiuliza, kitabu cha nyimbo kikiwa bado mkononi: na kama hakuna kitu? Kama ni hivi tu, bonge la udongo juu ya ubao, basi?

Sikuwahi kuuliza swali hilo katika maisha yangu yote. Niliona aibu, kama mtu aliyepatikana na kitu cha wizi mfukoni, na aibu hiyo nikarudi nayo mjini.

Februari nikapimwa: 160 kwa 100. Daktari akaniandikia vidonge, akaniambia nipunguze chumvi na nilale. Lala, alisema, kana kwamba usingizi nao unatolewa dirisha la dawa. Mimi ni mwalimu wa hisabati, kuhesabu siwezi kuacha. Baba presha, mimi presha. Baba 71, mimi 44. Usiku nilisikiliza moyo ukipiga ndani ya sikio lililogusa mto, na kila ulipojikwaa kidogo nilishuka kwenda kushika komeo. Mnisamehe, najua halina uhusiano. Hofu haijali uhusiano.

Kumwambia mtu nako ni kazi. Dodoma ndiko iliko Hospitali ya Mirembe, ya wagonjwa wa akili, na sisi tumekua tukitaniana nayo: ukiongea peke yako, "huyu wa Mirembe", ukisahau ufunguo mlangoni, "mwahisheni Mirembe". Utani huo umewafunga midomo watu wengi waliohitaji kusema. Mwalimu mwenzangu aliyesomea Kampala ndiye aliyeniambia kwamba neno mirembe, kwa Kiganda, maana yake ni amani. Tulicheka wote wawili kwenye chumba cha walimu, tukimwaga chai. Nikaenda chooni nikalia.

Kanisani pia hapakuwa rahisi. Kuna namna tumejizoesha kutoa ushuhuda: nilikuwa naogopa, nikaombewa, hofu ikaondoka saa ile ile, Bwana asifiwe. Nawaamini wanaosema hivyo. Mimi niliombewa mara mbili, nikatoka mwepesi, na saa nane za usiku nikawa niko sebuleni tena, pekupeku. Mama mmoja wa maombi akaniambia kwa upole kwamba tatizo langu ni uhaba wa imani. Labda. Lakini kumwambia hivyo mtu anayeogopa ni sawa na kumwambia aliyevunjika mguu kwamba tatizo lake ni kutotembea.

Kwaresima ilianza Machi 5. Wengine hufunga nyama, wengine sukari. Mimi nilichukua kalamu nyekundu. Nilisema nitasoma sura za mwisho za Injili zote nne kama ninavyosahihisha karatasi za kidato cha nne: nani kanakili kwa nani, nani karuka hatua, nani kaandika jibu bila kuonyesha njia. Lengo langu, niseme ukweli, halikuwa takatifu. Nilitaka nikute kosa kubwa, nichoke, nimalizane na habari hii.

Kilichonishangaza ni kwamba karibu hakuna anayeamini mapema. Mariamu Magdalena anamwona Yesu na kumdhania mtunza bustani. Wanawake wanawapelekea mitume habari, na Luka anaandika bila haya kwamba maneno yao yalionekana "kama upuzi". Baadaye, hata Yesu akiwa amesimama mbele yao, bado hawasadiki, mpaka anaomba chakula, wanampa kipande cha samaki wa kuokwa, naye anakula wakimtazama. Marko ndiye mkali zaidi. Nakala zake za kale kabisa zinakoma kwenye mstari wa 8 wa sura ya 16, wanawake wakikimbia kutoka kaburini, wasimwambie mtu neno, "maana waliogopa". Nukta. Habari njema iliyoishia kwenye neno hilo! Nikimpata mwanafunzi aliyemaliza insha hivyo namrudishia daftari.

Halafu Mathayo 28, mstari wa 17. Nimesikia sura hiyo ikisomwa pengine mara mia maishani, maana ndipo lilipo lile agizo la kwenda kuwafanya mataifa yote kuwa wanafunzi, na wahubiri wetu wanalipenda. Wanaanzia mstari wa 18. Mstari ulio juu yake unasema, "Nao walipomwona, walimsujudia, lakini baadhi yao waliona shaka." Niliupigia mstari, nikaupigia tena, kalamu ikatoboa karatasi. Wako mlimani Galilaya, wale kumi na mmoja, aliyekufa amesimama mbele yao. Magoti yako chini na shaka iko kifuani, mahali pamoja, saa moja. Na Yesu hawagawi makundi mawili, wenye shaka kushoto, wasio na shaka kulia. Anasogea karibu, anazungumza nao wote, na kuwatuma wote.

Kwa hiyo palikuwa na nafasi ya mtu kama mimi, na ilikuwepo tangu siku ya kwanza, imeandikwa. Kwa nini sikuwahi kuambiwa?

Nikaenda kwa Paulo. Waraka wa kwanza kwa Wakorintho uliandikwa kwenye mwaka 55 hivi, miaka kama 25 baada ya msalaba, na katika sura ya 15 anataja waliomwona Yesu: Kefa, yaani Petro, wale Thenashara, yaani mitume kumi na wawili, kisha ndugu zaidi ya mia tano kwa pamoja, ambao, anasema, wengi wao wanaishi hata sasa. Hapo niliweka kalamu chini, nikamkumbuka Baba.

Wasomaji wa Dodoma wanaijua Igandu. Juni 24 mwaka 2002 treni ya abiria iliyokuwa inapanda mlima ilishindwa, ikarudi nyuma bila kushikika, ikagongana na treni ya mizigo, watu zaidi ya 280 wakafa. Baba alikuwa mmoja wa wanakijiji waliokwenda kusaidia kutoa watu. Kovu la kiganja cha kushoto alilipatia hapo, kwenye bati la behewa. Alikuwa hapendi kulizungumzia, ila mvua kubwa ikinyesha usiku alikuwa anakisugua kile kiganja. Sasa fikiria mtu aandike leo, zaidi ya miaka 20 baadaye, kwamba pale Igandu hakikutokea kitu, au kwamba kilitokea kitu kingine kabisa. Hatahitaji kwenda mbali. Watu watatoka majumbani na kumwonyesha makovu. Miaka 25 si zama za kale. Paulo alikuwa anaandika ndani ya umri wa mashahidi, na kama vile anawaambia Wakorintho: nauli mnayo, nendeni mkawaulize.

Kwa hisabati huo si uthibitisho. Naujua uthibitisho unavyofanana, una mstari wa mwisho usiobishika, na huu hauna. Lakini kitu kilihama kichwani mwangu siku ile, kutoka kwenye rafu ya hadithi kwenda kwenye rafu ya ushahidi. Ushahidi unaweza kuukataa. Kuucheka ni vigumu zaidi.

Hofu, hata hivyo, haikusoma Wakorintho. Komeo liliendelea kulia.

Ilikuwa wiki ya mwisho ya Machi, usiku, umeme umekatika, nasoma Yohana 20 kwa tochi ya simu. Jioni ya siku ile ya kwanza ya juma, wanafunzi wako ndani, "milango imefungwa", kwa hofu. (Yohana anasema kwa hofu ya Wayahudi, nao wenyewe walikuwa Wayahudi, ni wakubwa wa kwao waliowaogopa.) Akaja Yesu, akasimama katikati, akawaambia, "Amani iwe kwenu." Akawaonyesha mikono na ubavu, wakafurahi. Haya, hilo nalijua tangu shule ya Jumapili. Nikateremka hadi mstari wa 26: "Basi, baada ya siku nane, wanafunzi wake walikuwamo ndani tena, na Tomaso pamoja nao. Akaja Yesu, na milango imefungwa…"

Nikarudia. Na milango imefungwa.

Siku nane zimepita. Wamemwona, wameona majeraha, wamefurahi, wamepuliziwa Roho Mtakatifu, wamemhubiria Tomaso, ambaye jioni ile hakuwepo, kwamba wamemwona Bwana. Na bado jioni ikifika mtu anaenda kusukuma komeo. Pengine ni Petro. Pengine anaamka usiku kuhakikisha.

Siwezi kueleza nilivyocheka. Nilicheka kwa sauti hadi mume wangu akaamka safari hii. Nikamwambia, "Bado walikuwa wanafunga mlango!" Akaniangalia, akaangalia tochi, akasema, "Na wewe zima hiyo, chaji itaisha."

Nimefikiria sana tangu usiku huo juu ya namna Yesu alivyoingia. Kwetu mtu haingii bila hodi. Hata mwenye nyumba akichelewa kurudi hubisha kwanza, asije akawashtua. Na uzuri wa hodi ni kwamba aliye ndani ana haki ya kunyamaza, ukimya ukawa ndio jibu, mgeni akaondoka. Yesu hapigi hodi. Nadhani ni huruma. Angepiga hodi usiku ule, nani angefungua? Kumi hao wangezima taa na kushika pumzi. Mimi ningefanya hivyo. Akaingia bila kusubiri mtu apate ujasiri wa kufungua, na neno la kwanza alilotoa ni salamu ya kawaida kabisa ya watu wake, salamu ambayo mtu angemtupia jirani sokoni, kama Mgogo anavyosema mbukwenyi akikuta watu wamekaa. Hakuwauliza walikimbilia wapi Ijumaa. Hakuwaambia fungueni milango kwanza ndipo niwape amani.

Na Tomaso! Huku kwetu jina hilo limekuwa tusi dogo la kanisani, "usiwe Tomaso". Lakini angalieni alichoomba. Hakuomba moto ushuke wala sauti kutoka mbinguni. Alitaka kovu. Alitaka kujua kwamba aliyesimama ni yule yule aliyepigiliwa misumari. Baada ya Januari hilo ombi nalielewa hadi kwenye mifupa. Ukiniletea kesho baba mpya, kijana, asiye na alama yoyote, sitamtaka. Namtaka mwenye kiganja cha Igandu. Kumbe katika simulizi hii mauti imeshindwa na alama zake zikabaki mwilini, mtu anaweza kuzigusa. Tomaso aliruhusiwa, na kwenye andiko hakuna mahali panaposema kwamba aligusa kweli. Anasema tu, "Bwana wangu na Mungu wangu!"

Pasaka ya 2025 ilikuwa Aprili 20, tukaenda kijijini. Ibada ilijaa, kwaya ya vijana na kinanda chao cha kuazima, akina mama na ngoma zao za muheme, Kristo amefufuka, amefufuka kweli kweli. Tukatoka saa saba. Saa nane tulikuwa shambani, Mama na mimi, tukiamia ndege, maana kwelea kwelea hawana Pasaka. Uwele ulikuwa unakaribia kukomaa. Ni ule aliopanda Baba mwezi wa kumi na moja. Kwetu mvua ni milimita kati ya 500 na 600 kwa mwaka, zote zinakuja kwa miezi michache, kwa hiyo wazee wengi huberega: hawangoji udongo ulowe ndipo walime, wanapanda kwenye vumbi na kungoja. Baba aliipiga mashimo ardhi iliyokauka kama kigae, akatia mbegu, akafukia kwa unyayo. Mvua zilipokuja alipalilia mara moja. Sasa mmea wa mkono wake ulikuwa umenipita kimo, masuke yamesimama, na ndege wanateremka kama moshi.

Mama alikuwa na debe na kijiti. Mimi nilikuwa na kombeo, na shabaha niliyoipoteza tangu darasa la sita. Katikati ya kelele hizo nikamwambia. Labda kelele ndizo zilinisaidia. Nikasema, "Mama, mimi naogopa usiku. Na kuna siku sina hakika kama Baba yuko mahali."

Aligonga debe mara tatu, nne. Kundi likapaa, likazunguka, likatua upande wa jirani.

"Mwanangu," akasema, "kwani mimi nina hakika kila usiku? Nimelala na baba yako miaka 46. Unafikiri nikiamka nikakuta kitanda kitupu nasema haleluya?"

"Unasemaje?"

"Nasema, Bwana, wewe ulisema. Halafu nageuka upande wa pili."

Nikangoja aendelee. Hakuendelea. Kwake sentensi ilikuwa imekwisha.

Nikamwambia tena, kwa kuwa sasa mdomo umefunguka, kwamba ule mfano wa Paulo wa mbegu haunisaidii. "Uipandayo haihuiki, isipokufa." Sisi ni watoto wa wakulima. Mbegu iliyokufa tunaifahamu. Baba alikuwa anatia mbegu kwenye ndoo ya maji, zilizobunguliwa zinaelea, anazimwagia kuku. Iliyokufa haioti. Mama akacheka mpaka akaketi kwenye tuta. "Paulo alikuwa fundi wa mahema," akasema, "mwache." Ni kweli, Matendo sura ya 18 inasema hivyo. Akapangusa macho, akavuta suke moja akalipukuchua mkononi, akanionyesha punje, zile ndogo za kijivu, unaweza kupoteza kumi kwenye mstari wa kiganja. "Lakini tazama hii. Halafu tazama ile." Akaelekeza kidevu kwenye mmea. "Kama ningekuwa sijawahi kuona, ukaniambia kwamba lile linatoka kwenye hii, ningesema umelewa."

Usiku nilifungua tena Wakorintho, mstari unaofuata. Paulo anasema huupandi mwili ule utakaokuwa, ila chembe tupu. Mama alikuwa ameusoma vizuri kuliko mimi na kalamu yangu.

Jumatatu ya Pasaka tulirudi mjini asubuhi. Nilikuwa naanika nguo jirani yangu alipotoka nje na redio mkononi, saa tano kasorobo hivi. Yeye ni Mkatoliki. Papa Francisko amefariki, akasema, na jana tu alikuwa kwenye roshani anabariki watu. Tulikaa kwenye ngazi zake, nikamshika bega, maana sikuwa na la kusema. Mwaka ule ulikuwa wa 1700 tangu Mtaguso wa Nisea, mkutano wa maaskofu ilikoanzia Kanuni ya Imani, na parokiani kwao walikuwa wamefundishwa Kanuni hiyo neno kwa neno. Akaanza kuisema, taratibu, si kwa ajili yangu. Alipofika mwishoni akasema, "Nangojea na ufufuko wa wafu." Sisi Waanglikana tumezoea kusema ufufuo, wao ufufuko, na watoto wa shule hubishana juu ya hilo. Mimi nilinaswa na kitenzi. Nangojea. Hakusema najua. Anayengoja anaweza kuwa na wasiwasi, anaweza kuchungulia dirishani kila dakika, anaweza kunung'unika kwamba muda umepita, na bado akahesabika kuwa anangoja. Baba alingoja mvua hivyo, kila mwaka, mbegu ikiwa tayari iko ardhini. Sikumbuki hata mwaka mmoja ambao alikuwa na hakika. Nakumbuka tu kwamba alikuwa ameshapanda.

Siku hizi presha ni 130 kwa 85. Nisimnyime daktari haki yake, vidonge nameza kila asubuhi, chumvi nimepunguza hadi watoto wanalalamika kwamba mboga haina ladha. Nimeanza pia kwenda kuzungumza na mshauri, na sijali tena mtu akisema wa Mirembe. Shaka ipo. Huja zaidi nikiwa nimechoka, au tukitoka mazikoni, na nimeacha kuifukuza kwa fimbo. Nikiwa kwaya nikafika kwenye ubeti wa ufufuo huwa natazama kiganja changu cha kushoto.

Uwele tulivuna Juni, magunia manne na debe mbili. Mama alitenga mbegu ya msimu ujao kwenye kibuyu kile kile cha Baba, akakifunga kwa gunzi.

Ana simu ndogo ya vitufe ambayo huipiga kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya korongo. Hunipigia usiku, saa tatu na nusu, akiwa ameshamaliza kusali. Jana alipiga. Tukaamkiana, akauliza wajukuu, akauliza bei ya alizeti mjini, akaniambia mbuzi mmoja amezaa mapacha. Kisha akauliza, kama anavyouliza kila siku tangu Pasaka ile:

"Umefunga mlango?"

"Nimefunga, Mama."

"Mara ngapi?"

"Mara moja."

"Haya. Lala."